Picha Zilizopita Same

Gari la sinema likifika Same, huku Upare, kazi ya kwanza ya wenyewe ilikuwa kungoja giza. Mchana lilizunguka mjini likitangaza kwa kipaza sauti kwamba leo usiku kuna sinema, ni bure, wakubwa kwa wadogo wafike. Jioni jenereta lilishushwa na kuwekwa mbali kidogo ili kelele zake zisimeze sauti ya picha, kitambaa cheupe kikafungwa kwenye milingoti miwili, na mashine ya filamu ya milimita 16 ikasimamishwa nyuma ya gari. Watu waliketi chini, watoto mbele. Uwanja ukijaa, waliochelewa walizunguka wakakaa upande wa pili wa kitambaa. Picha waliiona ileile, ila imegeuka: mpigaji wa mkono wa kulia akawa wa shoto, na maandishi yakasomeka kinyume.

Vitabu vingi vya historia ya sinema Afrika Mashariki huanza na majumba ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, na vina haki, kwa sababu biashara ilianzia huko. Kwa Upare nimeona nianze na uwanja. Huku milimani watu wengi walikutana na sinema bila paa, bila viti na bila tiketi, na namna walivyokutana nayo inatusaidia kuelewa majumba yenyewe yalikuwa na thamani gani, na kwa nini kufungwa kwake kumetuachia pengo ambalo runinga sebuleni haijaliziba.

Tuanzie Vugiri, katika milima ya Usambara upande wa Korogwe. Korogwe na Same ni stesheni za reli moja, ile waliyoijenga Wajerumani kutoka Tanga na kuifikisha Moshi mwaka 1911, kwa hiyo tunazungumza habari za jirani. Mwaka 1935 Mwingereza mmoja, Meja L. A. Notcutt, alifungua Vugiri kituo cha kutengeneza filamu za Waafrika. Notcutt alikuwa amesimamia mashamba ya mkonge, na tangu miaka ya 1920 alikuwa na wazo kwamba sinema ingewatuliza vibarua wasiyakimbie mashamba. Fedha zilitoka kwa Shirika la Carnegie la New York, usimamizi ukawa wa Baraza la Kimataifa la Misheni, na upande wa elimu akapewa G. C. Latham. Katika miaka miwili kituo kilitengeneza filamu zipatazo 35, waigizaji wakiwa wenyeji. Maneno hayakuwa ndani ya filamu yenyewe. Yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, ili picha moja iweze kusemeshwa Kiswahili hapa, Kikuyu kule, Kiganda au Kinyanja kwingine. Lori la kituo lilizizungusha picha hizo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Mwaka 1937 mradi ulikwisha, kwa kuwa serikali za makoloni hazikutaka kuubeba kwa fedha zao. Ni filamu tatu tu zinazojulikana kusalia, zimehifadhiwa Uingereza: moja ya safura, moja ya mafunzo ya mifugo, na moja ya mashamba ya Kingolwira karibu na Morogoro. Nyingine zote zimepotea, pamoja na sura za watu waliocheza ndani yake. Watu wa Usambara na Tanga wa miaka ile walikuwa na kumbukumbu ya picha ambayo mataifa mengi yangeionea fahari, nayo imeteketea kwa kukosa mtu wa kuona kwamba ni mali.

Kati ya zilizopotea ilikuwapo iliyohusu kodi. Waliobuni filamu hizi waliamini kwamba Mwafrika hakatai sera, hajaelewa tu, na kwamba akionyeshwa kwa picha ataelewa na kukubali. Haikupita hata miaka kumi, Same ikatoa jibu lake. Januari 1945 maelfu ya wanaume wa Kipare waliteremka kutoka milimani wakapiga kambi hapo makao makuu ya wilaya kupinga mbiru, kodi mpya iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Walikaa kwa zamu, wakipikiwa na kuletewa chakula kutoka nyumbani, na mwaka uliofuata wanawake wa Usangi nao wakamkabili mkuu wa wilaya uso kwa uso. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyezaliwa Upare, amekiandika kisa hicho vizuri kuliko nitakavyoweza. Ninachokitaka mimi hapa ni kimoja. Wapare walikuwa wakiuliza nani amekadiria, na kwa kipimo gani. Filamu haiulizwi swali.

Baada ya Vugiri kazi ikaingia mikononi mwa Idara ya Filamu za Makoloni, iliyoanzishwa London mwaka 1939. Mkuu wake, William Sellers, aliamini kwamba macho ya Mwafrika hayawezi kufuata picha inayokatwa haraka, kwa hiyo filamu za kwake ziende polepole, kila tendo lionyeshwe mwanzo hadi mwisho, pasiwe na ujanja wa kamera. Kuna kisa kilichorudiwa sana katika maandishi ya Ulaya: wanakijiji walionyeshwa filamu ya usafi wa maji, wakaulizwa wameona nini, wakajibu wameona kuku. Watengenezaji walishangaa, kwani hawakukumbuka kuku yeyote. Waliporudia filamu fremu kwa fremu wakamkuta, amepita pembeni kwa muda mfupi sana. Kisa hicho kilitumiwa kama ushahidi kwamba Mwafrika hajui kutazama. Nikikisoma mimi naona kinyume kabisa. Wale watu waliitazama picha nzima, kona zote, wakamwona ambaye hata mwenye kamera hakumwona.

Na wakati wataalamu wakijadili London kama Mwafrika anaweza kufuata hadithi ya dakika kumi, Waafrika wa Tanga, Unguja na Dar es Salaam walikuwa wamejaa katika majumba ya biashara wakifuata picha za Kihindi za saa tatu, zenye nyimbo, mapacha waliopotezana, mahakama, mvua na kisasi, katika lugha ambayo wengi wao hawakuijua hata neno.

Mtu mmoja aliijua sinema kwa pande mbili, kwenye gari na mbele ya kamera. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Afrika Kusini iliajiriwa kutengeneza Tanganyika filamu za Kiswahili zenye waigizaji wa Kiafrika. Katika *Muhogo Mchungu*, mhusika mkuu alikuwa kijana wa idara ya maendeleo ya jamii ambaye pia alifanya kazi na kikosi cha sinema ya kuzunguka. Jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Watu waliomwona kwenye kitambaa cheupe wakicheka, miaka kumi baadaye walimsikiliza redioni akiongoza nchi. Ni nchi chache zilizopata kiongozi aliyeanza kufahamika kwa wananchi wake kwa njia hiyo, na inasikitisha kwamba watoto wetu wanamjua Kawawa wa barabara na wa sare za chama, hawamjui Kawawa wa picha.

Sasa tuyaendee majumba. Reli ya Same ilikuwa na mji wa sinema kila ncha. Upande wa bahari, Tanga, kulikuwa na Majestic, Novelty na Regal. Upande wa mlima, Moshi, kulikuwa na Plaza, na ukisogea Arusha ukaikuta Metropole. Kijana wa Upare alizifikia kwa njia ya kazi au shule. Mkonge ulikuwa na mashamba njia nzima, na Tanga ulikuwa na bandari na mishahara. Moshi ulikuwa na kahawa, maduka na shule. Kwa mtu wa Hedaru, Makanya au Same, kwenda sinema kulimaanisha kwanza kupanda treni, kuwa na ndugu wa kulala kwake, na kuwa na shilingi ya ziada ambayo hakuna mtu nyumbani anayeiulizia. Ndiyo maana picha moja iliishi muda mrefu. Kijana akirudi likizo alisimulia picha nzima, akiigiza ngumi na kuimba nyimbo, na waliomsikiliza wakawasimulia wengine, hadi *Awara* ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ikajulikana kwa watu ambao hawajawahi kuketi kwenye kiti cha sinema. Kanuni yao kuu ilikuwa steringi hafi. Kama amekufa, basi msimulizi alitoka kabla picha haijaisha.

Wenye majumba hayo walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, wengi wao wazaliwa wa hapahapa, mara nyingi familia moja na jumba moja. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kusini mwa Afrika sinema zilijengwa na makampuni makubwa katika miji iliyogawanywa kwa rangi, na Mwafrika alizuiwa mlangoni au akapewa jengo lake la pembeni na filamu zilizokatwakatwa. Kwetu mwenye jumba aliishi mtaa wa pili na alihitaji viti vyake vijae. Tiketi iligawanya watu kwa mfuko: mbele kabisa, chini ya pazia, bei ya chini, nyuma na juu roshani, bei ya juu. Ubaguzi wa ukoloni haukuachwa nje ya mlango, kwa kuwa mfuko wenyewe ulifuata rangi. Lakini paa lilikuwa moja, kuli wa bandarini na tajiri wa duka wakicheka pahali palepale, dakika ileile. Katika mji wa kikoloni wenye hospitali tatu, shule tatu na vilabu vya kila kabila la watu, pahali pa namna hiyo palikuwa pachache mno.

Kina mama nao walipata nafasi yao. Unguja, na katika miji mingine ya pwani, wenye majumba walitenga maonyesho ya wanawake peke yao, mchana, ili mke wa nyumba yenye kujistahi aende bila kusemwa. Walikwenda na watoto, na majirani, na vyakula vyao. Waliolia walilia pamoja. Nyimbo walirudi nazo nyumbani, na wanamuziki wa taarab wa Tanga na Unguja wakachukua tuni za Kihindi wakazivika maneno ya Kiswahili. Picha za mama anayeteseka kwa ajili ya wanawe, kama *Mother India* ya mwaka 1957, zilipata wenyewe waliozielewa barabara, kwani mama wa hadithi ile analima, ana deni, na ana mwana aliyepotoka, mambo ambayo mwanamke wa Upare au wa Pangani hakuhitaji kutafsiriwa.

Niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu imesahaulika upesi mno. Picha ya Kihindi ya saa tatu ilikuja katika makopo ya bati zaidi ya kumi, mazito, yakisafiri kwa treni na kwa basi kutoka mji hadi mji. Nakala moja ilihudumia nchi nzima: ikianza Dar es Salaam ikiwa mpya, ilifika miji ya juu ikiwa imechubuka na ina vipande vilivyoungwa upya kwa gundi. Chumbani kwa mashine kulikuwa na mashine mbili. Kopo moja lilipokaribia kuisha, alama ndogo ya duara ilitokea kwenye kona ya juu ya picha, na mwendesha mashine akaiwasha ya pili kwa namna ambayo aliyeketi chini hakugundua kitu. Taa yenyewe ilikuwa cheche kati ya fito mbili za kaboni zinazoungua na kufupika, kwa hiyo alipaswa kuzisogeza usiku kucha, vinginevyo picha ingefifia au kugeuka rangi. Filamu za zamani zilitengenezwa kwa nitrati, inayowaka kama petroli, na chumba hicho kilijengwa kwa kuta nene na vifuniko vya chuma madirishani. Mtu aliyeifanya kazi hii kwa miaka 20 alikuwa fundi wa umeme, wa macho na wa saa, na hakuna cheti kilichosema hivyo.

Kisha mambo yakabadilika, na hapa ndipo ninapotofautiana na maelezo yanayosikika kila siku.

Ukimwuliza mtu nini kiliua sinema zetu atakujibu: runinga. Jibu hilo ni sahihi kwa nchi nyingine. Chukua Japani, ambako kila mji mdogo ulikuwa na jumba lake. Mwaka 1958 Wajapani walikata tiketi 1,127,000,000, yaani mtu mmoja kwa wastani aliingia sinema mara 12 katika mwaka. Mwaka 1960 majumba yalifika 7,457. Kisha seti za runinga zikaingia majumbani, zikichochewa na harusi ya mwana wa mfalme mwaka 1959 na Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, na majumba ya miji midogo yakaanza kufunga moja baada ya jingine. Mwaka 1993 yalibaki 1,734. Hapo mwuaji anajulikana.

Kwetu tarehe hazikubali. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha runinga hadi mwaka 1994. Kufikia mwaka huo majumba mengi yalikwishanyong'onyea au kufungwa. Unguja nayo, ambayo ilipata televisheni ya rangi mapema kabisa katika miaka ya 1970, iliendelea kwenda sinema miaka mingi baadaye. Runinga ya Bara ilikuta maiti.

Mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na mwaka uliofuata ikaundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, ambayo baadaye ilipewa peke yake kazi ya kuagiza na kusambaza filamu. Nia ilikuwa njema: faida isitoke nje ya nchi, na nchi itengeneze picha zake. Aprili 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo, nyumba za kupangisha zenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi zikawa za serikali chini ya Msajili wa Majumba. Wenye sinema wengi waliamka wakiwa wapangaji katika majengo waliyoyajenga. Mpangaji hatengenezi paa ambalo si lake. Wengine wakauza walichoweza wakahamia Uingereza na Kanada, wakaenda na ujuzi wa biashara pamoja na jamaa na marafiki huko Bombay waliowapatia picha mpya.

Halafu fedha za kigeni zikaadimika. Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977 hadi 1983, jambo lililoubana Moshi kuliko miji mingi, na vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979 vikakausha hazina. Nchi inayokosa dawa na mafuta haitaagiza fito za kaboni wala nakala mpya ya *Sholay*. Picha zikarudiwa hadi zikakatika. Viti vikavunjika bila kuungwa. Kampuni ya Filamu ilitoa kazi za kuheshimika, kama *Fimbo ya Mnyonge* katika miaka ya 1970 na *Arusi ya Mariamu* mwaka 1985, lakini picha chache za nyumbani hazikuweza kuyajaza majumba yaliyozoea picha mpya kila wiki. Watu hawakuichoka sinema. Waliondolewa picha, kisha wakaambiwa wameichoka.

Katika njaa hiyo ndipo ukanda wa video ulipoingia. Biashara ilianza kulegezwa mwaka 1984, na zama za ruksa za Rais Mwinyi zikafungua milango. Deki moja, runinga moja, jenereta dogo, mabenchi ya mbao na magunia ya kuziba mwanga: banda la video limekamilika. Lilipanda hadi vijijini ambako jumba la sinema lisingefika kamwe. Njia za Upare si za mchezo. Kutoka Makanya kupanda Suji na Chome, au kutoka Same kwenda Mbaga, gari hupanda kona juu ya kona, na masika huteleza hadi likashindwa. Deki ilibebwa begani. Baadaye wakatokea watafsiri, Lufufu akiwa mashuhuri kuliko wote, ambao sauti zao za Kiswahili zilifunika Kichina na Kiingereza cha picha, wakiwapa wahusika majina ya mitaani na kueleza hata yale ambayo mwigizaji hakuyasema. Ni ufundi wa kweli na unastahili heshima. Sahani za Vugiri zilikuwa na maneno yaliyoandikwa na wenye mradi. Mtafsiri wa banda alisema lake, na asipopendeza watu hawarudi kesho.

Pamoja na heshima hiyo, kuna jambo banda halikuweza. Liligeuka pahali pa vijana wa kiume. Lilikuwa dogo, la giza, lenye moshi wa sigara, na picha zake zilichaguliwa kwa kadiri ya ngumi na risasi. Mama hakuingia na watoto wake. Mzee hakuingia. Mwalimu akimkuta mwanafunzi hapo ilikuwa kesi. Leo mrithi wake ni kibanda umiza, ambako watu hubanana kutazama ligi ya Uingereza, nako ni vilevile, wanaume kwa wanaume. Wale wengine wote waliokuwa uwanjani siku ya gari la sinema, na katika roshani ya Majestic siku ya kina mama, walirudishwa nyumbani, wakaishia kila mmoja na skrini yake, na siku hizi skrini hiyo inatosha kiganjani. Hili ndilo pengo nililolitaja mwanzoni. Hadithi hazijapungua, huenda zimezidi. Kilichopungua ni usiku ambao familia nzima inatoka, inalipa, inaketi na watu isiowajua, na inarudi ikibishana njiani.

Majengo yamekwenda kila moja na njia yake. Mengine yamekuwa makanisa, mengine maghala, maduka na kumbi za harusi. Pale Msasani, Dar es Salaam, uwanja wa sinema ya magari uliofunguliwa miaka ya 1960 sasa una ubalozi wa Marekani. Unguja, Majestic ya Vuga ndiyo inayopiganiwa waziwazi. Jumba la kwanza hapo, Royal, lilifunguliwa mwaka 1921 na Hassanali Adamji Jariwalla, kwa ramani ya J. H. Sinclair. Liliungua moto, na mwaka 1955 likasimama jipya lililochorwa na Dayalji Pitamber Sachania kwa mtindo wa kisasa wa wakati ule. Jengo limechakaa sana, lakini wapo wanaotaka lirudi kuwa sinema na ukumbi wa sanaa, na wamewahi kuonyesha picha humohumo ndani ya uchakavu wake. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Mji Mkongwe wa Unguja una tamasha lake la filamu tangu miaka ya 1990, na mji wenye tamasha bila sinema ya kudumu unalisha wageni kuliko wenyeji.

Kwa Same hakuna haja ya kungoja jumba la namna hiyo. Treni ya abiria iliyokuwa imekoma kwa miaka mingi ilirudi Desemba 2019, ikapita tena Same kwenda Moshi, ikajaza watu waliodhaniwa wameizoea barabara. Umeme umepanda vijiji ambavyo zamani vilitazama nyaya za umeme wa bwawa la Nyumba ya Mungu zikipita kwa mbali. Filamu ya leo haihitaji makopo wala kaboni. Inaingia katika kifaa kidogo kuliko kiberiti, na projekta nzuri inabebwa na mtu mmoja. Kumbi zipo, za shule, za makanisa, za halmashauri, na picha za Kiswahili zipo. Anayehitajika ni mtu wa kufanya alichofanya mwenye jumba wa zamani, yaani kuwajua wateja wake kwa mtaa na kwa dini. Wasabato walianza kazi yao Tanganyika kwenye milima hii ya Upare Kusini mwaka 1903, na hadi leo ni wengi, kwa hiyo Ijumaa jioni na Jumamosi mchana zifutwe. Asubuhi ya Jumapili Walutheri wako kanisani. Siku ya gulio wanawake hawana nafasi, na jioni ya katikati ya wiki watoto wana shule. Inabaki Jumapili alasiri, baada ya chakula na kabla ya kukamua ng'ombe. Onyesho la kwanza liwe la kina mama na watoto, kwa bei ya soda, na liishe kukiwa bado na mwanga wa kutosha kupanda mlima.